Aliyemleta Rambo kwenye sinema alikuwa mkimbizi kama sisi

Ndugu zangu, hakuna kati yetu asiyemjua Rambo. Kibanda cha video, benchi la mbao, jenereta inanguruma nje, mtafsiri anaongea haraka kuliko risasi. Watanzania wao walifika mbali zaidi: hata mfuko wa plastiki wa sokoni waliuita rambo. Lakini uliza pale kibandani nani alitoa hela za kumtengeneza Rambo, watu watakutazama tu.

Hela zilitoka kwa kampuni iliyoitwa Carolco. Naiandika habari yake leo kwa sababu Jumamosi kikundi chetu kinapiga kura, na mimi nina msimamo wangu. Nisomeni mpaka mwisho kwanza, halafu mnipinge.

Carolco ilianzishwa 1976 na watu wawili. Mmoja ni Mario Kassar, mzaliwa wa Beirut. Mwingine ni Andrew Vajna, aliyezaliwa Budapest, Hungaria, 1944. Mwaka 1956 Wahungaria waliinuka kuupinga utawala uliokuwa chini ya Wasovieti. Vifaru vikaingia mjini, na watu kama 200,000 wakaikimbia nchi. Vajna alikuwa na miaka 12. Alifika Kanada kwa msaada wa Msalaba Mwekundu, bila wazazi, bila kujua Kiingereza. Baadaye alikutana tena na wazazi wake Los Angeles. Alipokuwa mtu mzima alifanya biashara ya mawigi huko Hong Kong, na kutoka hapo akaingia kwenye sinema. Wale wanaosema mtoto wa kambi hawezi kufika popote, muwasomee hiyo.

Sasa, kampuni huru ni ile isiyo mali ya studio kubwa za Hollywood. Haina hela za ndani. Inafanyaje? Kassar na Vajna walijua njia moja vizuri sana: kuuza filamu kabla haijapigwa. Unamwendea msambazaji wa Ujerumani unamwambia, nina hadithi, nina mwigizaji, nikimaliza wewe ndiye utakayeionyesha kwenu, tia saini leo. Unakwenda kwa Mjapani, kwa Mwitaliano, hivyo hivyo. Mikataba hiyo unaipeleka benki, benki inakukopesha, unawasha kamera. Si utapeli. Ni akili ya mtu anayeanza bila mtaji.

Na ilifanya kazi. Filamu ya kwanza ya Rambo ilitoka 1982. Iligharimu kama dola milioni 15, ikaingiza zaidi ya milioni 120 duniani. Na hadithi yenyewe ni nini? Mwanajeshi aliyerudi vitani anapita kwa miguu katika mji mdogo, mkuu wa polisi anamwambia watu kama wewe hatuwataki hapa. Sisi hatukuhitaji mtafsiri kwa sehemu ile. Baadaye ikaja Rambo ya pili 1985, Total Recall 1990, na Terminator 2 mwaka 1991, filamu iliyoingiza hela nyingi kuliko zote duniani mwaka ule.

Basi, ilikufaje?

Kwanza matumizi. Kila filamu ilitaka kuwa kubwa kuliko iliyotangulia. Arnold Schwarzenegger, kama malipo yake ya Terminator 2, alipewa ndege. Vajna alikuwa ameshaondoka 1989 na kuuza hisa zake. Mwaka uleule wa Terminator 2, Carolco ilipata hasara kubwa sana, kwa sababu filamu moja iliyofaulu haiwezi kubeba deni la kumi zilizoanguka.

Pili, na hapa ndipo nataka mkae makini. Mwaka 1993 walitoa Cliffhanger. Watu walijaa, ikaingiza zaidi ya dola milioni 250. Lakini ili waipate bajeti yake, Carolco walikuwa wameshauza sehemu kubwa ya haki za filamu ile. Harusi ilikuwa yao, pilau wakala wengine.

Tatu, walichobakiwa nacho wakakiweka karibu chote kwenye filamu moja ya maharamia, Cutthroat Island, iliyogharimu karibu milioni 100. Novemba 1995 kampuni ikatangaza kufilisika. Filamu ikatoka Desemba, ikaingiza kama milioni 10 tu huko Marekani. Mama alishakufa kabla mtoto hajazaliwa.

Sasa turudi kwetu. Mnajua kuna shirika limekuja na mpango wa filamu kubwa: dakika arobaini, droni, wapigapicha kutoka jijini. Posho ipo. Lakini mkataba unasema filamu ni yao, picha zote tutakazopiga ni zao, kamera zinarudi kwao, na kwa miezi saba hatutoi kitu kingine chochote kwa jina la kikundi. Wengi wenu mnasema ndiyo. Nawaelewa. Mgao umepungua, na kuna mama nyumbani anayeuliza hizo video zenu zinaleta nini. Sikuja hapa kudharau hela.

Ninachosema ni hiki. Kuuza kabla ya kupiga si kosa. Kosa ni kuuza mpaka usibakiwe na kitu, halafu kuweka uhai wa kikundi kwenye filamu moja. Zile video zetu za dakika nne tunazopiga kwa simu, ya foleni ya maji, ya yule fundi baiskeli, ya binti aliyerudi darasani na mtoto mgongoni, moja ikishindwa tumepoteza mchana mmoja. Ikifaulu ni yetu, tunaionyesha tunapotaka. Hiyo filamu kubwa ikishindwa, tumepoteza miezi saba. Ikifaulu, itaonyeshwa kwenye ukumbi ambao sisi hatuna kibali cha kufika.

Na nyinyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma, wengi wenu marafiki zetu, niwaambie kwa heshima: nanyi mnanunua filamu kabla haijazaliwa. Fomu ya mradi inatutaka tuandike mwisho wa hadithi kabla hatujamhoji mtu hata mmoja. Kisha tunamtafuta mtu wa kufanana na fomu. Hadithi ya namna hiyo hata kibandani watu wangedai hela zao.

Kuna atakayeniambia, bila hela za shirika tungepata wapi kompyuta ya kuhariria? Ni kweli. Ndiyo maana sisemi tukatae. Tuwaombe wabadilishe mambo matatu: nakala moja na haki ya kuionyesha filamu zibaki kwetu, video zetu ndogo ziendelee, kamera moja ibaki kambini mradi ukiisha. Wakikubali, nitakuwa wa kwanza kubeba taa. Wakikataa yote matatu, kura yangu ni hapana.

Jambo la mwisho. Carolco ilipokufa, vitu vyake viliuzwa, zikiwemo haki za Terminator. Nani walizinunua? Kassar na Vajna wenyewe. Mwaka 2003 wakatoa Terminator 3. Kampuni ilikuwa imekufa, majengo na sherehe zimekwisha, lakini aliyeshika haki alikuwa bado na kazi ya kufanya. Vajna alifariki 2019, Budapest, mji uleule aliotoka akiwa mtoto.

Jumamosi, saa nane, pale chini ya mti karibu na bomba. Njooni na swali moja tu: filamu ikiisha, itakuwa ya nani?