Bosi wa Alhamisi Usiku
Januari 2004, runinga ya NBC ilianza kurusha kipindi cha The Apprentice. Donald Trump anaketi kwenye kiti kirefu cha ngozi, taa zimefifia, anamnyooshea mtu kidole: umefukuzwa kazi! Chumba chenyewe kilijengwa kwa ajili ya kamera, ndani ya jumba lake la ghorofa la New York. Novemba mwaka uleule, kampuni yake ya kasino ilikimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai. Magazeti yaliandika, lakini nani asome kurasa za biashara Alhamisi usiku? Watazamaji walimjua bosi asiyeyumba, na 2016 wengi wakampigia kura bosi huyo. Wanaosema runinga ni kioo tu cha jamii wananichekesha. Kioo hakikati wala kuunga picha. Wahariri wa kipindi kile walifanya hivyo kila wiki, na hakuna Mmarekani aliyewachagua.