Simu na Iijue Saa ya Mwenyewe

KAULI YA JUMA
Na Athumani Mwinyikai

Katika vyombo vyote vilivyoingia majumbani mwetu tangu karne hii ianze, hakuna kilichopata nafasi ya karibu zaidi na binadamu kuliko simu ya mkononi, ambayo hulala kando ya mto, huamka kabla ya mwenyewe, hufuatana naye sokoni, shambani na safarini, hubeba fedha zake, picha za wazazi wake na siri zake. Na kwa ajili ya ukaribu huo ni haki ya mwenye simu kutaraji kwamba chombo chake kitafuata ada zake, wala si yeye kufuata ada za chombo. Nasema haki hiyo bado hatujaipata, na ushahidi wangu wa kwanza ni kitu ambacho kila mtu hukitupia jicho mara nyingi kwa siku bila ya kukitafakari, nacho ni saa.

Watu wa pwani, na baada yao watu wa bara waliokipokea Kiswahili, huanza kuhesabu saa za mchana jua linapochomoza na saa za usiku linapotua. Hesabu hii haikubuniwa kwa ulegevu. Ilizaliwa na mbingu za nchi zilizo jirani na ikweta, ambamo mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Dar es Salaam na Unguja, mchana ulio mrefu kuliko yote, mnamo Desemba, huuzidi ulio mfupi kuliko yote, mnamo Juni, kwa muda usiotimia saa moja, ilhali London tofauti hiyo hupita saa nane. Mtu wa London akitakiwa kuhesabu saa zake kuanzia macheo atababaika kila mwezi, kwa hiyo ana udhuru wa kuanza hesabu yake usiku wa manane. Sisi hatuna haja ya udhuru huo. Watu wa Uhabeshi, ambao leo twawaita Waethiopia, nao huhesabu kama sisi. Tena hesabu hii si masalio ya zamani yanayotunzwa na wazee peke yao. Taarifa ya habari husomwa saa mbili usiku, kadi ya harusi humwita mgeni saa moja jioni, mwalimu hugonga kengele saa mbili asubuhi, na tiketi ya basi la alfajiri huandikwa saa kumi na mbili, na watu kwa maelfu hulipanda basi hilo kila siku bila ya mmoja wao kudhani ya kuwa litaondoka adhuhuri.

Sasa na afungue mtu simu mpya, aingie katika mipangilio, achague Kiswahili kuwa lugha ya chombo. Siku zitaandikwa Jumatatu na Jumanne, miezi itaandikwa Januari na Februari, vitufe vitamwambia atume, afute, ahifadhi. Na ni insafu kuwashukuru waliofanya kazi hiyo, maana ilikuwa kubwa na aghalabu ilifanywa na vijana wetu wenyewe. Lakini jua litakapochomoza juu ya paa la nyumba yake, kioo kitasoma 6:00. Akirudi katika mipangilio kutafuta namna nyingine, atapewa hiari mbili tu, saa 12 au saa 24, na zote mbili huanza usiku wa manane. Lugha ya mwenyewe imo, saa ya mwenyewe haimo.

Ramadhani moja iliyopita, bibi mmoja wa mtaani kwetu alimwomba mjukuu wake, mtoto anayesoma shule ambayo masomo yake yote ni ya Kiingereza, amtegee kengele ya simu ili aamke kula daku saa kumi. Mtoto kwa utiifu akaandika kumi, kumi kamili kama alivyoagizwa, akamrudishia bibi simu yake. Saa kumi ya alfajiri ikapita kimya, adhana ikamkuta bibi usingizini, na simu ikaja kulia saa nne asubuhi, wakati yeye amekwisha kunuia saumu na tumbo tupu, yuko uani anachambua mbaazi za futari. Hakumlaumu mtoto, wala mimi simlaumu, kwa kuwa bibi alisema kweli na mtoto aliandika kweli. Lawama ni ya aliyetengeneza chombo kinachosema lugha ya bibi lakini hakijui kuhesabu kama bibi.

Najua jibu litakalotolewa na akali ya wasomaji, hasa vijana: kwamba sisi sote tumezoea kuona 7:00 na kutamka saa moja, na kwamba tafsiri hiyo hufanyika kichwani kwa wepesi hata haihisiki. Ni kweli kwa aliyezoea. Lakini mazoea ya mwenye macho na shule si hoja ya kumnyima asiyekuwa navyo. Wapo ndugu zetu vipofu, ambao hawatazami kioo bali husomewa na simu kwa sauti. Sauti hiyo ikitamka tarakimu kama zilivyoandikwa, saa moja ya asubuhi itatangazwa kuwa saba, na msikilizaji, ambaye tangu utotoni ameijua saba kuwa ni baada ya adhuhuri, sharti apige hesabu upya kila anapouliza wakati, aushi yake yote. Wapo watoto wanaojifunza saa mbili zinazogombana kabla hawajaimudu hata moja. Tena zipo siku hizi simu zinazopokea amri kwa maneno, na ni wazi kwamba mtu akimwambia msaidizi wa namna hiyo amwamshe saa kumi na moja, atatumia maneno aliyoyanyonya kwa mama yake, na maneno hayo chombo kikiyafahamu kwa hesabu ya Kizungu, kitamwamsha wakati wenzake wamekwisha fika kazini.

Mintarafu ya dawa, dawa si ngumu. Katika simu nyingi, wakati huhesabiwa ndani kwa ndani kwa sekunde zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1970, hesabu moja kwa dunia nzima, na tarakimu tuzionazo kiooni ni sura tu inayovikwa hesabu hiyo kwa kufuata mahali na matakwa ya mwenye simu. Kubadili sura hakugusi hesabu: ujumbe utafika kwa wakati wake, benki haitachanganyikiwa, na simu ya jirani haitajua kwamba yako imebadilishwa uso. Basi na iongezwe hiari ya tatu katika mipangilio, iitwe Saa za Kiswahili, ambayo huondoa saa sita katika hesabu ya Kizungu, sita zisizobadilika, bila ya kulifuatia jua dakika kwa dakika. Kila saa iandamane na wakati wake, alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku, kwani saa tatu isiyo na wakati ni nusu ya habari. Na pale ambapo kukosea kuna hatari, kama katika tiketi ya ndege au siku ya kumwona daktari, sura zote mbili zionekane pamoja, saa 1:00 asubuhi juu na 07:00 kwa maandishi madogo chini yake, ili mtu asije akapotezewa safari na kitu kilichokusudiwa kumfaa.

Faida yake itavuka bahari. Mwana aliyeko Muscat, ambako saa imetangulia yetu kwa saa moja, akimwandikia mama yake wa Unguja kwamba atapiga simu saa tatu usiku, mama hana budi kuuliza kama ni saa tatu ya huko au ya huku. Simu yenye maarifa ingeweza, kwa kuguswa tu neno hilo, kumwonyesha mama kwamba saa tatu ya Muscat ni saa mbili usiku ya Unguja, naye akajua wakati wa kukaa karibu na simu.

Pa kuupeleka ushauri huu panajulikana. Iko hazina ya pamoja ya habari za lugha za dunia, iitwayo CLDR, inayotunzwa na Unicode Consortium, ambamo wenye Android, wenye iPhone na wenye Windows huchota majina ya siku, ya miezi na ya nchi, pamoja na namna ya kuandika tarehe katika kila lugha. Humo Kiswahili kimekwisha kuwekewa alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku. Kalenda ya Hijri imo, na kalenda ya Ethiopia yenye miezi 13 imo. Kisichokuwamo ni hesabu ya saa inayoanza macheo, na hapana ajabu, maana hazina ya namna hiyo hujazwa na wanaoomba. Yatupasa tuombe. Baraza la Kiswahili la Taifa lipo tangu 1967, Zanzibar lipo BAKIZA, baraza lake la Kiswahili, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina makao yake huko huko Zanzibar. Kila tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, husomwa hotuba nyingi njema za kukisifu Kiswahili. Laiti mwaka mmoja tu wataalamu wa vyombo hivi vitatu wangekaa pamoja na mafundi wa kompyuta wa vyuo vyetu, wakaandika kanuni ya saa zetu kwa ukurasa mmoja au miwili, pamoja na mifano, wakaipeleka kwa jina la nchi zetu zote.

Kwa wale wasioweza kungoja, ipo hila moja inayofaa kujulikana. Mji wa Tokyo umetangulia Afrika Mashariki kwa saa sita kamili, na Japani hawabadili saa zao kwa majira ya joto na baridi. Mwenye simu akiingia mahali pa saa za dunia, akaongeza Tokyo, akaiweka sura ya saa 12, ataisoma saa ya Kiswahili pale pale: kwetu ikiwa saa moja asubuhi, Tokyo itaandikwa 1:00. Alama za mchana na usiku zitakuwa si zetu, azipuuze; na kengele itaendelea kufuata saa ya kwanza, kwa hiyo asiitege kwa kuitazama hii. Lakini tarehe ya Tokyo hugeuka saa kumi na mbili jioni yetu, karibu sana na magharibi, ambapo kwa hesabu ya Kiislamu siku mpya huingia. Nimewaonyesha wazee kadhaa jambo hili, nao wamefurahi. Hata hivyo si halali kumfanya mtu wa Pangani akopeshwe saa na Wajapani ilhali anayo yake.

Jambo la pili nitalipitia kwa haraka, nalo ni kibao cha kuandikia. Wengi wamekizima kisahihishaji kwa kuwa hugeuza maneno yao mema kuwa ya Kiingereza, na wenye viwanda hujibu kwa kuongeza maneno katika orodha. Orodha haitatosha kamwe. Kitenzi kimoja cha Kiswahili huzaa sura kwa maelfu, kwani katika nimekuletea wamo mtenda, wakati, mtendewa, mzizi na kauli ya kutendea, na kila kimoja chaweza kubadilishwa. Kinachohitajiwa ni kukifundisha kibao sarufi ya viambishi na ngeli, kisha kiyajenge na kuyapima maneno chenyewe. Uwezo haukosekani nyumbani. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, wakati ambapo wengi wetu hatukuwa tumegusa kompyuta. Kazi ile ilistahili kuendelezwa kwa fedha za umma, na ingali inastahili.

La tatu ni fedha za simu, na hapa si haraka tena. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na kuvuka kuja Tanzania mwaka uliofuata, huduma za namna hii zimefanya ihsani ambayo benki hazikuweza kuifanya kwa miaka mingi. Lakini mtazame mzee aliyesimama mbele ya kibanda cha wakala kwa simu ya vitufe. Hupiga namba ya huduma, hungoja, husoma menyu kwa taratibu kwa kuwa maandishi ni madogo na macho yamechoka, huandika namba ya mpokeaji huku akiilinganisha na kikaratasi kilichokunjwa, tarakimu kwa tarakimu, kisha kiasi. Na kabla hajamaliza, menyu hukatika kwa kuwa muda umekwisha, naye huanza tena tangu mwanzo, mikono ikitetemeka na watu nyuma yake wakiguna. Akishindwa mara hiyo, humpa wakala simu, na kwa kuwa wakala hawezi kumaliza kazi bila ya namba ya siri, humtajia na namba ya siri, kwa sauti, mbele ya foleni. Wizi mwingi huanzia hapo, na mwizi hakuhitaji ujuzi wowote wa kompyuta.

Makampuni yatumie uwezo yalionao. Menyu ikikatika, mtu akipiga tena aulizwe kama ataka kuendelea alipoachia, na namba aliyokwisha kuiandika iwe ingalipo. Mwenye kutaka muda mrefu apewe kwa kuuomba mara moja, ubaki kuwa wake. Akikosea tarakimu, arudi nyuma hatua moja, si mwanzo. Jina la mpokeaji lionekane kabla ya fedha kuondoka, kwa kila mtandao na hata baina ya mitandao, na namba zile tatu au nne anazozitumia kila mwezi, ya mwanawe, ya duka la dawa, ya umeme, zikae juu kabisa zikimngojea. Mzee akipata hayo, atakachobaki kukiandika kwa mkono wake ni kiasi na namba ya siri, na hivyo viwili ataweza kuviandika akiwa amewapa watu mgongo.