"Mtazoea"

Yapo maneno ya kumfariji mtu na yapo maneno ya kumfungia mlango. "Pole" ni la kufariji. "Mtazoea" ni la kufunga mlango, na hilo ndilo tunalopewa sisi wazee wa Same tunaokaa kando ya barabara kuu, kila tunapothubutu kusema kwamba usiku hatulali. Tumeambiwa na maofisa, tumeambiwa na madereva, tumeambiwa hata na watoto wetu wanaokuja Krismasi, wanalala siku mbili na kuondoka na macho mekundu. Nataka nilijibu neno hilo, kwani naona ni uongo, na uongo usipojibiwa mwishowe huwa ndio utaratibu wa kazi.

Kwa msomaji asiyepajua kwetu, mji wa Same uko tambarare, mahali pakavu, chini ya milima ya Upare. Barabara itokayo Dar es Salaam hupita Segera, Korogwe, Mombo, Hedaru na Makanya, inaukata mji wetu, kisha inaendelea Mwanga, Himo, Moshi hadi Arusha. Ukiinua macho unaiona milima tulikozaliwa: Mbaga, Chome, Suji, Vudee, na kilele cha Shengena chenye mita 2,462. Huko juu usiku husikii ila maji ya mfereji na mbwa wa ng'ambo ya bonde. Wengi wetu tuliteremka tukiwa vijana, tukafundisha, tukauguza, tukashika kalamu katika ofisi za Serikali, na miaka 60 ilipotimia tukajenga Same mjini. Hatuna uzio wala kibao kinachosema hapa ni makazi ya wastaafu. Ni mtaa tu, ila ukipiga hodi nyumba kumi utakutana na pensheni nane.

Hapo ndipo linapokuja jibu la kwanza la wakubwa: "Nani aliwaita barabarani?" Jibu lake ni rahisi. Tuliitwa na hospitali, benki, bomba la maji na basi. Mzee mwenye shinikizo la damu, ambaye kila mwezi anatakiwa kliniki, hawezi kushushwa kutoka Chome mgongoni mwa pikipiki wakati wa mvua. Huduma zilifuata barabara, nasi tukafuata huduma. Wala hatukuvamia. Viwanja vyetu vilipimwa, tukavilipia, tukapewa karatasi zenye mihuri. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati, nasi tuko nje ya mita hizo. Lakini mita 30 zinatunza nafasi ya kupanua barabara. Kelele hazijui bikoni.

Na kelele zenyewe ni zipi? Mchana ni mvumo usiokatika, nao tunauvumilia. Usiku ndipo penye vita. Saa nane, lori lenye trela tupu linaruka matuta, na bodi yake inalia kama mabati yanayoangushwa kutoka juu ya paa. La pili linapunguza mwendo kwa nguvu ya injini, likikoroma tangu mwanzo wa mji hadi mwisho wake. Basi linapiga honi kumwamsha abiria ambaye pengine hayupo. Dereva wa nne ameegesha ili ale chipsi, na injini ameiacha inanguruma nusu saa chini ya dirisha la mjane wa miaka 78. Kwa takriban miaka thelathini mabasi ya abiria hayakuruhusiwa kusafiri usiku kucha, na mwaka 2023 ruhusa hiyo ilirudishwa. Siipingi. Mfanyabiashara anaokoa siku nzima, na mwenye msiba anawahi maziko. Ninachosema ni kwamba magari ya usiku yaliongezeka, na mtaani kwetu hakikuongezwa chochote kwa ajili ya wanaolala kando ya njia.

Sasa tulichunguze hilo "mtazoea". Jicho lina kope, sikio halina. Mtu hata akiwa usingizini sikio lake liko kazini. Gari likipita anaweza asiamke, lakini moyo wake hushtuka na kuongeza mapigo, na shinikizo la damu hupanda, kisha hushuka, kisha hupanda tena na lori lifuatalo. Asubuhi atasema alilala, na mwili wake utamkanusha. Mwaka 2011 ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilikadiria kwamba kelele za magari na vyombo vingine vya usafiri zinawapotezea watu wa Ulaya Magharibi angalau miaka milioni moja ya maisha yenye afya kila mwaka. Mwaka 2018 ikashauri kwamba kelele za barabara zisizidi desibeli 45 usiku. Na desibeli hazihesabiwi kama machungwa: zikiongezeka 10, nguvu ya sauti imekuwa mara kumi. Hao ni watu wenye madirisha ya vioo viwili. Sisi madirisha yetu ni nyavu, kwa kuwa Same ni joto, na mzee anayefunga dirisha ili asisikie atalala ndani ya tanuri.

Isitoshe, usingizi wa uzeeni ni mwepesi. Kijana huanguka kisimani, mzee huelea juu ya maji. Kumwambia mtu wa miaka 75 kwamba atazoea ni kumtaka awe kijana.

Lakini liko jambo jingine, ambalo mimi naliona kubwa kuliko usingizi. Sikio la mzee hupoteza kwanza sauti nyembamba, zile za s na f na t, ambazo ndizo hutenganisha neno na neno. Palipo kimya anajikokota na kuelewa. Penye mvumo, maneno yote huwa uji. Kwa hiyo barabara haituamshi usiku tu, inatunyang'anya mazungumzo mchana. Nimekaa barazani na mjukuu aliyetoka Dar es Salaam, mtoto asiyejua Chasu, akiniuliza mfereji wa babu zetu ulichimbwaje, na msaragambo ulikuwa kitu gani. Lori likapita. Nikamwambia arudie. Akarudia, likapita jingine. Mara ya tatu akanipungia mkono: "Basi babu, si kitu." Mtu atanilipa nini kwa hilo "si kitu"? Tunahubiriwa kwamba mzee ni hazina na maktaba. Haya, maktaba mmeijenga katikati ya gereji, kisha mnashangaa hakuna anayesoma.

Jibu la mwisho la wakubwa ni lile zito: "Barabara ni maendeleo." Ni kweli. Tangawizi ya Mamba Myamba hutoka kwa barabara, na mgonjwa wetu hukimbizwa KCMC kwa barabara hiyo hiyo. Mimi si adui wa lami. Nilitembea kwa miguu miaka ambayo lami haikuwapo. Lakini tutenganishe mzigo na tabia ya anayeubeba. Tangawizi haipigi honi. Saruji haikanyagi mafuta kuruka tuta. Kinachotuua ni mwendo, honi, injini zisizozimwa na matuta yaliyowekwa pasipo kufikiri, na hayo manne yakirekebishwa hautapungua mzigo hata gunia moja.

Wala hatuombi sheria mpya. Mwendo katika makazi ni kilomita 50 kwa saa, na kibao kipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ni ya mwaka 2004, na chini yake zikatungwa kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, zinazotenganisha viwango vya mchana na vya usiku. Karatasi zipo, anayezishika hayupo. Tulipoandika barua, ofisi moja ilisema kelele ni mambo ya mazingira, nyingine ikasema magari ni mambo ya usalama, ya tatu ikasema barabara ile si yao. Kelele ilipita katikati ya ofisi tatu bila kugusa meza.

Nchi ya Uswisi nayo ni ya milima, na ina bidhaa nyingi kuliko sisi. Huko malori mazito kwa kawaida hayaruhusiwi kutembea kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, na uchumi wao haujafa. Sisi hatudai kiasi hicho, maana najua bandari inataka nini. Lakini nauliza: reli iliyojengwa na Wajerumani kutoka Tanga hadi Moshi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza inapita hapa hapa Same. Treni ya abiria ya Dar es Salaam na Moshi, iliyokuwa imesimama zaidi ya miaka ishirini, ilirudi mwaka 2019. Treni hupita, ikapiga mluzi wake, ikaisha. Mzigo mzito ungehamia huko kwa sehemu tu, usiku wetu ungekuwa mwingine.

Wapo watakaosema ni aibu kulilia usingizi mahali ambapo watu wanakufa. Tarehe 28 Juni 2025, katika eneo la Sabasaba hapa Same, basi kubwa na basi dogo yaligongana na kuwaka moto, wakafa watu zaidi ya 35. Sisahau, wala siwezi kulinganisha kukosa usingizi na vifo vile. Lakini utii wa barabarani ni mmoja. Dereva anayepunguza mwendo kwa kumjali mzee aliyelala ndiye huyo huyo atakayepunguza kwa kumjali mtoto anayevuka. Anayefundishwa kwamba kibao cha 50 usiku ni pambo, mchana hatakiamini.

Basi madai yetu ni haya. Mwendo wa 50 usimamiwe usiku kama unavyosimamiwa mchana, wakati tochi za trafiki zipo. Honi zikome mjini kuanzia saa nne usiku mpaka alfajiri, isipokuwa kwa hatari. Magari ya mizigo yapewe maegesho nje ya mji, yenye choo, chakula na taa, kwani dereva naye ni binadamu. Matuta yasogezwe mbali na vyumba vya kulala. Na viwanja vipya vya makazi visipimwe tena ukingoni mwa barabara kuu. Huko wapewe wenye maduka na maghala. Ukuta tutajenga wenyewe, kwa msaragambo, kama wazee wetu walivyojenga ndiva za maji milimani. Tupewe ruhusa na mahali.

Mwaka 1945 maelfu ya Wapare waliteremka Same kuipinga kodi iliyoitwa mbiru. Waliambiwa nao kwamba wataizoea. Hawakuizoea, na hatimaye ikafutwa. Watani wetu hutucheka kwamba Mpare huuza ng'ombe apate nauli ya kufuatia kesi ya kuku. Waache wacheke. Barua ya nne tumekwisha kuiandika, na safari hii kuku ni usingizi wetu.