Jeep ndogo nyumbani: inabeba nini, inakula nini



Baada ya mkutano wa wiki iliyopita, mama mmoja wa kundi letu la akiba alinivuta pembeni. Zamu yake ya likelemba imefika. Bwana yake anataka waunganishe pesa hiyo na ile ya ng'ombe waliouza, wanunue jeep ndogo, ile ambayo huku kwetu tunaiita RAV4 tu, hata kama ni ya aina ingine. Akaniuliza: "Mwalimu, ninyi munayo tangu 2019. Niambie ukweli. Itatusaidia ao itatuumiza?"

Sikumjibu palepale. Swali la namna hiyo halijibiwi mlangoni, watu wakiwa wanatafuta viatu vyao. Nilimwomba wiki moja. Ndani ya wiki hiyo nilikwenda kuuliza wamama wengine wawili wa hapa Kibati wenye gari kama yetu, nikafungua na daftari letu la matumizi. Leo ninamjibu yeye, na wengine wasikilize.

Kwanza tujue ni gari gani. Kampuni ya Toyota ilianza kuuza RAV4 kule Japani mwaka wa 1994. Wazo lao lilikuwa rahisi: wachukue gari ndogo ya mjini, waiinue kidogo, waipe nguvu kwenye miguu yote minne. Hapo ndipo penye siri ambayo wauzaji hawatuelezi. Land Cruiser zile kubwa zimekaa juu ya chuma kirefu kinachobeba mzigo, kama mgongo wa ng'ombe. RAV4 haina chuma hicho. Bodi yake yenyewe ndiyo inayobeba. Uso wake ni wa jeep, lakini mgongo wake ni wa gari ndogo. Nyingi tunazoziona hapa zimekwisha kutembea miaka kumi, kumi na tano ao zaidi kwa watu wengine kabla ya kutufikia.

Sasa tufanye hesabu ya darasa la tano. Wote tunajua shida ya maji ya Kibati. Udongo wetu ni jiwe la volkano, mvua inanyesha na kupotea, chemchemi hakuna. Mama mmoja niliyemtembelea alinunua jeep yake kusudi watoto wasibebe tena maji mgongoni. Wazo zuri sana. Alikuwa anapakia mabidoni kumi na tano kila safari. Bidoni moja la lita 20 ni kilo 20. Kumi na tano ni kilo 300. Ongeza yeye, dereva, na majirani wawili wanaoomba nafasi: tayari kilo 550 na zaidi. Hiyo si familia tena, ni kamioneti. Kisha ongeza barabara yetu. Kwa miezi sita tu amotiseri za nyuma zilikufa zote mbili, na chuma kimoja cha mguu kikakatika kwenye mteremko. Alishukuru Mungu kwamba alikuwa anakwenda polepole.

Leo mama huyo anabeba mabidoni sita, si zaidi, na anafanya safari mbili. Majirani walinuna mwezi wa kwanza. Sasa wamezoea. Aliniambia: "Nilijifunza kusema hapana. Gari ikikufa, hao walionuna hawatanunua amotiseri."

Barabara yenyewe mnaijua. Kutoka Goma kuja huku tunapanda karibu mita 400, na jiwe la 2021 bado liko pale lilipokata njia. Kushuka ndiko kunakodanganya. Dereva anakanyaga frenu tangu juu hadi chini, zinapata moto, zinaanza kunuka, halafu siku moja zinakataa. Mwalimu wangu wa kuendesha alinifundisha jambo moja nililolishika: teremka kwa vitesi vya chini, cha pili ao cha tatu, uiache mashini izuie gari, frenu zisaidie tu. Na yule mwenye otomatiki, ile fimbo yake ina nafasi ya 2 na ya L. Haikuwekwa kwa mapambo.

Kuhusu mipira: mawe yetu yanaikata ubavuni, pale ambapo fundi hawezi kuziba. Usikubali ya bei ndogo iliyochakaa. Na kwenye jeep inayovuta kwa miguu minne wakati wote, mipira yote minne inapaswa kuwa ya kipimo kimoja na ilingane kwa kuchakaa. Ukiweka mmoja mpya na tatu za zamani, vyuma vya chini vinashindana vyenyewe kwa vyenyewe mpaka viharibike. Sisi hatukujua. Tulilipia ujinga huo kwenye garaji moja, na pesa ile ingetosha mipira miwili. Tena, ule mpira wa akiba unaoning'inia kwenye mlango wa nyuma, ujaribu leo kama una pumzi. Wengi tunauona kila siku lakini hatujawahi kuugusa.

Jambo la volani. Jeep nyingi za huku zilitoka Japani na kupitia bandari za Mombasa ao Dar es Salaam, volani iko kuume. Sisi Kongo tunatembea kuume. Basi dereva amekaa upande wa mtaro. Chukudu na watu wa miguu anawaona vizuri, lakini Fuso inayokuja mbele yake haioni mpaka atoe pua nzima nje. Nimeona mzazi akimwuliza mtoto aliyekaa kushoto: "Nipite?" Mtoto wa miaka tisa anaamua maisha ya watu watano! Usimwachie mtoto kazi ya macho yako. Kama huoni, ngoja. Na watoto washukie mlango wa kuume, upande wa mtaro, kamwe si wa kushoto ambako motari anapita bila kuangalia. Sisi nyumbani tulifunga mlango wa nyuma wa kushoto usifunguke kutoka ndani. Kuna kifungo kidogo pale kwenye ubavu wa mlango kwa ajili hiyo.

Tuje kwenye chakula chake. Bwana yangu anafanya kazi Goma, mimi ninaenda darasani kwa miguu. Kushuka na kurudi ni kilomita karibu 30. Kwa daftari letu, safari hiyo inakunywa lita nne hivi. Siku tano ni lita 20. Chukua bei ya esansi ya leo, uzidishe mwenyewe. Kisha ongeza mafuta ya mashini, frenu, asiransi, vinyeti na karatasi zingine. Mwezi wa tatu tulipopiga hesabu hiyo, tulinyamaza wote wawili. Tangu hapo baba ya watoto anapanda moto siku tatu za wiki, na jeep inatoka siku mbili, siku zenye mzigo ao mgonjwa.

Mama wa pili niliyemtembelea ni mjane. Jeep ile waliinunua yeye na marehemu kwa pesa ya viazi vya Kibumba, nusu kwa nusu. Lakini karti rozi iliandikwa jina la shemeji, kwa sababu ndiye aliyekwenda kuifuata mpakani. Baada ya kilio, siku ya kumi, shemeji alikuja na ufunguo mwingine akaichukua. Mama hakuwa na karatasi hata moja. Ilimchukua mwaka mzima, wazee na kanisa kuingilia, ndipo aliporudishiwa, na mashini imekwisha kuchoka. Wamama, tangu sheria ya jamaa iliporekebishwa Julai 2016, mke hahitaji tena ruhusa ya bwana ili afanye mkataba, na bwana na bibi wanatakiwa kupatana juu ya mambo wanayojifunga. Basi tupatane mapema, tukiwa wazima, jina la nani linaandikwa, na karatasi ya kununua iwe na majina yote mawili. Kuomba hivyo si kukosa upendo.

Sasa niseme la mwisho, ambalo ni langu mwenyewe. Nimelisitasita.

Siku ya Ijumaa, tarehe 21 Mei 2021, bwana yangu aliniomba pesa ya esansi. Nilikuwa nayo ndani ya mkoba. Ilikuwa pesa niliyoiweka kwa ajili ya masomo ya watoto. Nikamwambia: "Gari haiendi popote kesho. Tungoje Jumatatu." Hakubishana.

Kesho yake Jumamosi, jioni, mbingu ikawa nyekundu. Wote mnakumbuka. Sisi wa Kibati hatukungoja redio ituambie kwamba Nyiragongo imepasuka. Moto ulikuwa unashuka upande wa Goma, njia ya chini ikakatwa. Wengine walikimbilia upande wa Rwanda, wengine wakapanda kuelekea Kibumba. Mbele ya mlango wetu walisimama watu kumi na saba wakiangalia ile jeep. Gari ya watu watano. Na sindano ya esansi ilikuwa kwenye mustari mwekundu. Wauzaji wa mabidoni ya kando ya njia walikuwa wamekimbia pia.

Tuliamua upesi. Mama mkwe wangu, ambaye miguu yake ilikuwa imevimba. Jirani aliyekuwa na mtoto wa siku sita. Watoto wadogo tuliwabanza nyuma. Bwana yangu akaendesha. Mimi nikapanda kwa miguu na wakubwa wetu wawili pamoja na wengine, tukishikana nguo gizani tusipotezane.

Tuliikuta gari njiani, imesimama kwenye kilima. Esansi imekwisha. Bwana yangu alikuwa amesimama kando yake, hasemi kitu. Watoto wanalia. Watu wanapita, kila mmoja na godoro lake. Kijana mmoja, ambaye hata leo simjui jina, alikuwa anasukuma chukudu yenye gunia mbili za maharagi. Aliangalia mama mkwe wangu, akashusha gunia moja, akaliacha pale kando ya njia, akampandisha mama. Akamsukuma mpaka Kibumba. Yule mzazi alitembea na kitoto chake kifuani, mimi nikimshika mkono.

Tulifika wote. Kwa hiyo ninaweza kusimulia. Lakini usiku ule, tukiwa tumelala chini, nilihesabu: lita tano zingetosha. Lita tano zilikuwa ndani ya mkoba wangu, zimekunjwa vizuri katika kitambaa.

Bwana yangu hajawahi kunirudishia neno lile la "Tungoje Jumatatu." Nami sijawahi kulisahau. Mwaka wa 2022 watu waliposhuka kutoka Kibumba hadi Kanyaruchinya kwa ajili ya vita, tangi yetu ilikuwa na nusu, na siku ile jeep ilishusha wazee na wagonjwa mara nne. Sheria ya nyumba yetu sasa ni hii: sindano haishuki chini ya nusu. Ikifika nusu, tunaacha nyama, tunaacha safari ya harusi, lakini esansi inaingia. Tunaishi chini ya mlima uliowaka 1977, 2002 na 2021. Gari isiyo na esansi chini ya mlima huu ni sanduku la kufungia kuku.

Basi mama uliyeniuliza, jibu langu ni hili. Nunueni, kama baada ya kulipa mutabaki na pesa ya mipira minne na ya esansi ya miezi mitatu. Kama likelemba na ng'ombe vyote vitaishia kwenye bei ya kununua, ngojeni zamu ingine. Mkitaka kuiangalia kabla ya kulipa, nendeni asubuhi mashini ikiwa baridi, na fundi ambaye si rafiki wa muuzaji. Ingieni mvunguni, muangalie vyuma vya miguu na kutu. Iendesheni kwenye mawe, si kwenye lami ya mjini.

Na kwa sisi tulio nazo tayari, kazi ya nyumbani ya wiki hii. Moja: gusa mpira wa akiba. Mbili: soma jina lililo kwenye karti rozi. Tatu: kaeni chini na majirani, mkiwa mmetulia, muandike nani ataingia kwanza siku ya hatari: mgonjwa, mzee, mzazi, watoto. Sisi tumeandika. Karatasi iko ndani ya mlango, na majirani wote wanayo.

Yule kijana wa chukudu, kama unasoma ao kama mama yako anasoma, njoo nyumbani. Tuna deni lako la gunia moja la maharagi.

Mwalimu wenu wa Kibati