Kijiko Kimoja cha Sukari: Mwili Wetu Mchana wa Ramadhani



Rajabu imeingia, na kwa taufiki ya Mwenyezi Mungu tumebakisha yapata miezi miwili kuufikia mwezi mtukufu. Desturi ya safu hii ni kungoja Ramadhani ianze ndipo tuzungumzie chakula. Mwaka huu tumeona bora tutangulie, kwa sababu ya jambo lililotokea mtaani kwetu Ramadhani iliyopita, ambalo lingeweza kuepukwa lau lingezungumzwa mapema.

Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, ana maradhi ya sukari kwa miaka mingi. Alikuwa ameshauriwa na daktari asifunge mpaka dawa zake zipangwe upya. Hakumwambia mtu. Aliona haya kula mbele ya wajukuu waliofunga, na akachelea kusemwa kuwa anatafuta sababu. Usiku ule alikula daku ya chai na nusu hamri, akameza vidonge vyake kama kawaida, akanuia. Baada ya Adhuhuri akaanza kutoka jasho na kutetemeka mikono, kisha maneno yake yakawa hayaeleweki. Wanawe wakadhani ni kiu na joto. Wakamlaza chini ya feni wangoje Magharibi. Ilipofika Alasiri alikuwa haitiki akiitwa.

Alhamdulillahi, aliwahishwa hospitali na akapona. Lakini bintiye alikuja kutuuliza swali ambalo hatujalisahau: "Siku ile tulifunga sote, na sote tuliona njaa. Mbona aliyeanguka ni mama peke yake?"

Swali hilo ndilo tunalokusudia kulijibu leo, kwani jibu lake limekusanya mengi ambayo kila nyumba inapaswa kuyajua kuhusu chakula na mwili.

Chakula hugeuka nini?

Tulacho, kiwe wali wa nazi au mkate wa mofa, hakitumiki mwilini kama kilivyo. Tumbo na utumbo hukivunjavunja mpaka kikawa chembe ndogo mno, nazo zikaingia katika damu. Wanga, yaani wali, ugali, muhogo, viazi, chapati na sukari yenyewe, huishia kuwa sukari nyepesi iitwayo glukosi, ambayo ndiyo kuni za kila siku za mwili. Protini za samaki, mayai, nyama, mbaazi na kunde huvunjwa zikawa vitu ambavyo kwavyo mwili hujenga na kukarabati misuli, damu na ngozi. Mafuta hutumika kama nguvu, na yanayosalia huwekwa akiba. Gramu moja ya wanga au ya protini hutoa kilokalori 4, na gramu moja ya mafuta hutoa 9. Vitamini na madini havitoi nguvu, lakini vikikosekana kazi hizi zote hukwama. Mageuzi haya ya chakula kuwa nguvu, joto na nyama ya mwili ndiyo wataalamu huyaita umetaboli.

Hapa pana jambo la kustaajabisha. Damu yote ya mtu mzima, ambayo ni lita tano hivi, hubeba kwa wakati mmoja gramu 5 tu za glukosi, kadiri ya kijiko kimoja cha chai. Na ubongo peke yake hutumia kiasi hichohicho kila saa, mchana na usiku, hata tukiwa usingizini. Lau damu isingeletewa nyingine, kijiko kile kingekwisha kabla ya saa moja kutimia. Basi ni nani anayekijaza mchana kutwa, ilhali mfungaji hali wala hanywi?

Saa kumi na tatu za funga

Pwani yetu iko karibu na ikweta, kwa hiyo urefu wa mchana haubadiliki sana. Funga yetu huwa ya saa kumi na tatu na kidogo, Ramadhani iangukie msimu wowote. Katika saa za mwanzo mwili hutumia daku. Daku ikishameng'enywa, ini hushika zamu.

Ini la mtu mzima huweka akiba ya glukosi ya kadiri ya gramu 100, ikiwa imefungamanishwa kwa sura iitwayo glikojeni. Mtaalamu wa Kifaransa Claude Bernard ndiye aliyeitenga glikojeni kutoka kwenye ini mwaka 1857, naye akabainisha kwamba ini ni ghala linaloipa damu sukari wakati mtu hali. Misuli nayo ina akiba yake, tena kubwa kuliko ya ini, lakini hujitumikia yenyewe wala haiirudishi katika damu. Kwa hiyo kijiko kile cha damu hujazwa na ini, kidogo kidogo, saa baada ya saa.

Kufikia Alasiri ghala la ini huwa limepungua sana. Mwili hauingiwi na hofu. Huongeza kasi ya kuyeyusha mafuta, misuli na moyo vikayatumia hayo, ili glukosi iliyopo iachiwe ubongo. Wakati huohuo ini hutengeneza glukosi mpya kutokana na mabaki ya mafuta na protini. Kilo moja ya mafuta ya mwili hubeba kilokalori zaidi ya 7,000, na hata mtu mwembamba ana kilo kadhaa. Ndiyo maana mtu mwenye afya hawezi kuimaliza akiba yake kwa funga ya siku moja. Njaa anayoiona ni ukumbusho tu, wala haina maana kwamba mwili umefilisika.

Mlinzi wa ghala

Ghala hili lina mlinzi. Kongosho, kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo, hutoa insulini kila tunapokula. Insulini huwezesha misuli na mafuta kupokea glukosi kutoka katika damu, na huliamuru ini kufunga mlango na kuweka akiba. Tunapofunga, kongosho hupunguza insulini na kutoa homoni nyingine iitwayo glukagoni, ambayo huliamuru ini kufungua mlango. Kwa kupokezana huku, sukari ya mtu mzima wa afya kabla ya kula hubaki baina ya 4 na 5.6 kwa kipimo kinachotumika katika zahanati zetu, mchana kutwa, bila yeye kujua.

Kwa mgonjwa wa sukari mpango huu umeharibika. Ama kongosho haitoi insulini ya kutosha, ama mwili hauitikii. Naye hutumia dawa ili zimsaidie. Zipo dawa, kama metformini, ambazo kwa kawaida zikitumiwa peke yake haziiteremshi sukari chini ya kiasi. Lakini vipo vidonge ambavyo huilazimisha kongosho kutoa insulini hata tumbo likiwa tupu, na insulini ya sindano nayo hufanya kazi yake bila kujali kwamba mtu amefunga. Hapo ini huendelea kupokea amri ya kufunga mlango wakati ambapo lilipaswa kuufungua. Sukari huteremka, na kijiko kile cha damu hakijazwi.

Hili ndilo jibu la yule binti. Wenzake wa nyumbani waliona njaa, ilhali ghala zao zilikuwa wazi. Mama yake ghala lilikuwa limefungwa na dawa, na ubongo wake ukawa unakosa chakula. Jasho lile, kutetemeka kule na maneno yale yasiyoeleweka hayakuwa kiu. Ulikuwa ni ubongo unaoomba msaada.

Wala asidhani mtu kwamba suluhisho ni kuacha dawa ili apate kufunga. Anayeziacha sukari yake hupanda, maji yakamtoka kwa mkojo, akakaukiwa. Na kama mwili wake hautengenezi insulini kabisa, mafuta huyeyushwa bila mpaka, damu ikageuka kuwa na asidi, na hiyo ni hatari ya mauti.

Sahani ya futari

Tumesema kwamba funga haimdhuru mwenye afya. Kwa wengi wetu, kinachodhuru ni yale yafuatayo adhana ya Magharibi. Tende tatu za kawaida zina sukari ya vijiko vitatu hadi vinne vya chai. Kiasi hicho pamoja na maji kinatosha kabisa kumpa mfungaji nguvu, akaswali, kisha akarudi mezani kwa utulivu. Lakini chupa ya soda ya mililita 300 aghalabu ina vijiko vinane peke yake. Tukiongeza kaimati zilizorovywa katika shira, tambi za sukari, sharubati, na viazi vya karai vilivyonywa mafuta, tunamimina juu ya kijiko kimoja cha damu sukari ya vijiko ishirini na zaidi kwa muda mfupi. Kongosho yenye afya huhangaika mpaka ikaweza, na ziada ikawekwa kuwa mafuta. Kongosho iliyochoka haiwezi. Hivyo ndivyo mtu anavyofunga mwezi mzima akatoka nao akiwa mzito kuliko alivyouingia.

Hatusemi vyakula vya wazee wetu ni vibaya. Mbaazi, kunde, samaki, mchicha, ndizi na muhogo ni neema kubwa. Tunachosema ni kipimo na mpangilio. Mbaazi na kunde humeng'enywa polepole, zikatoa glukosi yake kidogo kidogo, na kwa hiyo zafaa mno kwa daku kuliko chai na hamri. Samaki na mboga zichukue nafasi kubwa zaidi katika sahani, wali uchukue robo. Tui la nazi liwe jepesi. Kitamu kiwe kimoja, na kidogo. Na daku, kama sunna inavyotufunza, icheleweshwe karibu na alfajiri badala ya kuliwa usiku wa manane na kulaliwa. Tukumbuke pia mafundisho ya Mtume, sala na salamu zimfikie, kwamba tumbo ligawanywe theluthi: ya chakula, ya kinywaji, na ya pumzi.

Kabla mwezi haujaandama

Kwa nyumba yenye mgonjwa wa sukari, wakati wa kutenda ni huu wa Rajabu. Wataalamu wanashauri mgonjwa aonane na daktari wiki sita hadi nane kabla ya Ramadhani. Amuulize waziwazi: je, nifunge? Kama ndiyo, dawa gani ibadilishwe, kiasi gani, na imezwe saa ngapi? Wapo watakaoruhusiwa kwa mpango maalumu, na wapo watakaokatazwa.

Aliyeruhusiwa apime sukari yake mara kwa mara mchana. Maulamaa wengi wameeleza kwamba kudungwa kidole kwa ajili ya kipimo hakubatilishi funga. Kipimo kikishuka chini ya 3.9, au kikipanda juu ya 16.6, afuturu papo hapo, hata kama zimebaki dakika chache kabla ya adhana.

Na watu wa nyumbani wajue dalili: jasho la ghafla, kutetemeka, moyo kwenda mbio, hasira isiyo sababu, kuchanganyikiwa. Mgonjwa akiwa angali na fahamu na aweza kumeza, apewe vijiko vitatu au vinne vya sukari vilivyokorogwa katika maji, apimwe tena baada ya dakika 15, na arudiwe kama haijapanda. Akiwa amepoteza fahamu asitiwe chochote kinywani, asije akapaliwa. Alazwe ubavu na akimbizwe hospitali.

Limebaki la haya, na pengine ndilo lililo zito kuliko yote. Aya za funga katika Suratul-Baqara zimemtaja mgonjwa na kumpa ruhusa ya kula na kulipa siku nyinginezo. Asiyetarajia kuweza kulipa ana fidia ya kumlisha maskini kwa kila siku. Ruhusa hiyo imetoka kwa Yule Yule aliyeifaradhisha funga, Naye ndiye aliyeumba ini na kongosho na kujua udhaifu wavyo. Kuipokea ni katika utiifu. Lakini mama zetu na baba zetu hawataipokea iwapo nyumba zetu zitawatazama kwa jicho la lawama. Basi tuwatangulie kwa maneno mema. Mkwe amwandalie mavyaa yake chakula cha mchana bila kuguna. Wajukuu wafunzwe kwamba bibi anapokula mchana wa Ramadhani hajavunja kitu, bali anatekeleza aliloruhusiwa.

Jirani yetu mwaka huu ameshamwona daktari, na ameambiwa asifunge. Bintiye ametueleza kwamba ameshanunua kibaba cha kwanza cha mchele wa fidia, na kwamba mama ndiye aliyeuchagua mwenyewe dukani.

Mwenyezi Mungu atufikishe Ramadhani sote tukiwa na afya, awaponye wagonjwa wetu, na atukubalie ibada zetu, za wafungao na za waliopewa udhuru. Amin.