Shukrani za bure kwa rais anayeondoka

Kila rais anapong'atuka bila damu kumwagika, wahariri na wahubiri hummiminia sifa: muungwana, mwenye moyo mkubwa, baba wa taifa. Nyuma ya sifa hizo kuna imani kwamba amani ya makabidhiano hutoka kifuani mwa anayeondoka. Kenya inatosha kuivunja, na shahidi ni mtu mmoja, Mwai Kibaki. Tarehe 30 Desemba 2002 aliapishwa Uhuru Park mchana kweupe, yuko kwenye kiti cha magurudumu na mguu umefungwa plasta, huku baadhi ya umati wakimrushia matope Daniel arap Moi aliyekuwa akimwachia kiti. Miaka 5 baadaye, tarehe ileile, Kibaki huyohuyo aliapishwa Ikulu jua likizama, muda mfupi tu baada ya kutangazwa mshindi. Ghasia zikaua zaidi ya watu 1,000. Aprili 2013 akamkabidhi Uhuru Kenyatta madaraka kule Kasarani, akaenda zake nyumbani. Kama moyo ndio sababu, mbona moyo mmoja umezaa mambo matatu?

Kilichobadilika ni nani angeweza kuhakiki hesabu, na nani aliyeaminika kuamua ugomvi. Mwaka 2002 Kibaki alipata takriban asilimia 62, mwanya usiozibika kwa kalamu. Mwaka 2007 kura zilikaribiana, makamishna wengi wa uchaguzi walikuwa wameteuliwa na mgombea mwenyewe, upinzani ukakataa kwenda kwa majaji usiowaamini, na Tume ya Kriegler iliyochunguza uchaguzi huo ikaja kusema haiwezekani kujua nani alishinda. Katiba ya 2010 ikajibu kwa mambo makavu: Mahakama ya Juu yenye siku 14 za kuamua kesi ya urais, na kiapo kinachopaswa kuliwa hadharani. (Sharti hilo la hadharani, ukilisoma, unaiona Ikulu ile ya magharibi.)

Mtaniambia katiba ni karatasi, na Uganda iliondoa ukomo wa mihula mwaka 2005, kisha wa umri mwaka 2017. Kweli, lakini bunge lililopiga kura hizo lilikuwa mikononi mwa chama cha rais. Kufuli lilifungwa, ufunguo akaachiwa yuleyule. Wala Kenya haikupona kabisa: mwaka 2022 makamishna 4 kati ya 7 wa uchaguzi waliyakana matokeo. Ila safari hiyo Fomu 34A za matokeo ya vituo zaidi ya 46,000 zilikuwa zimeanikwa mtandaoni, na yeyote mwenye simu na bando angeweza kujumlisha mwenyewe. Uhuru alikuwa amempigia debe Raila Odinga, aliyeshindwa. Tarehe 13 Septemba alisimama Kasarani akamkabidhi William Ruto upanga, na kilichokuwa moyoni mwake hakuna aliyelazimika kukijua.