Staa, Ukitangaza Mashine ya Kahawa Waonyeshe Watu na Meno Yake

Video ilikuwa kali, hilo halina ubishi. Dada mmoja mwenye jina kubwa mjini, kava la asubuhi la hariri, kucha mpya, jiko linang'aa kama la hoteli. Anamimina punje za kahawa kwenye kimashine cheusi, anabonyeza, ngrrrr, sekunde kumi tu, anafumba macho kuvuta harufu. Chini ya video maneno yanasomeka: mashine ya kisasa ya kusagia kahawa, ile ile ya kwenye migahawa ya kishua, laki na themanini tu, mzigo mchache, njoo DM.

Siku mbili hazikuisha, mzigo umekata.

Kati ya walionunua yupo kijana mmoja wa Sinza. Huyu hakutaka picha wala kiki. Anauza vifaa vya simu kwenye duka la mtu, mshahara wenyewe wa kuunga unga, na alikuwa na kampango kake: aamke saa kumi na moja, asage kahawa fresh, aipike, aitie kwenye chupa za chai, awapelekee watu wa maofisini kabla hajafungua duka. Alivunja kibubu. Mzigo ulipofika akafungua mfuniko, akakuta kisu kimoja cha bati chenye mbawa mbili. Blenda ndogo, basi.

Alipomuuliza staa wake kwa adabu kabisa, "Dada, mbona hii siyo ile ya kwenye migahawa?" akajibiwa na wapambe kwamba ana wivu. Jioni yake akala bloku.

Sasa hapo ndipo tatizo lilipo. Staa kutangaza biashara siyo dhambi, watu wana kodi za kulipa. Inawezekana kabisa hata yeye alidanganywa na aliyempa mzigo. Lakini jina la mtu ndiyo dhamana ya yule anayetuma hela bila kushika bidhaa. Ukiipokea hela yake, swali lake nalo lipokee.

Turufu ya wapambe ni moja: "Kahawa si kahawa tu? Kusaga si kusaga tu?" Hapana. Hapo ndipo wengi wanapigwa.

Mashine ya kisu haisagi, inakatakata. Punje inayopigwa mara nyingi inakuwa vumbi, iliyojificha pembeni inabaki kipande. Ukiongeza muda vumbi linazidi, na vipande bado havilingani. Hakuna sehemu ya kuiambia mashine unataka unga wa saizi gani, unakisia kwa sekunde tu.

Mashine ya meno ni habari nyingine. Ndani ina meno mawili, moja limetulia, lingine linazunguka, punje inapita katikati na kusagika. Nafasi iliyo kati ya hayo meno ndiyo inaamua unga uwe mwembamba au mnene. Ukizungusha kirekebishio, nafasi inabana au inaachia. Bibi aliyesagia ulezi kwenye jiwe la kusagia anaielewa hii bila video ya mtu.

Na saizi ndiyo ladha. Unga mwembamba unaachia vitu vyake haraka kwenye maji ya moto, ukizidisha unapata uchungu. Vipande vinene vinaachia taratibu, vikitolewa mapema kahawa inakuwa chachu na nyepesi. Kahawa ya kisu inakupa vyote viwili kwenye kikombe kimoja. Kijana wa Sinza aliyaona hayo kwa wateja wake: Jumatatu chungu, Jumanne chachu, Jumatano bora, Alhamisi balaa. Mteja wa ofisini hagombani na mtu. Anasema "leo niko sawa, mdogo wangu," na kesho yake pia anasema hivyo hivyo.

Kuna watakaosema, mbona mzee wa birika pale kijiweni hana mashine yoyote na kahawa yake inanyweka miaka yote? Kweli kabisa, na mzee aheshimiwe. Lakini kahawa yake ni ya aina nyingine. Inatwangwa laini sana, inachemshwa kwenye birika juu ya mkaa, inanywewa kwenye kikombe kidogo na kashata pembeni. Uchungu ndio unaotafutwa pale. Kama hiyo ndiyo kahawa yako, tunza hela yako. Mashine nyingi za umeme za nyumbani hata haziufikii ulaini huo.

Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kutuma hela siyo "staa gani anayo?" Swali ni "nyumbani unapika kahawa ya namna gani?"

Anayetumia jagi la kubonyeza, lile lenye chujio linaloshuka na mpini, anahitaji unga mnene kama chumvi ya mawe. Anayemimina maji juu ya karatasi ya kuchujia anahitaji wa kati, kama mchanga. Mwenye kile kibirika cha Kiitaliano kinachokaa juu ya jiko anahitaji laini zaidi ya hapo. Mwenye mashine ya espresso ndiye mwenye kazi: unga wake uwe laini sana, na mashine yake ya kusagia iwe na marekebisho madogo madogo, maana badiliko dogo tu linafanya kahawa itoke mbio kama maji ya bomba au igome kabisa kutoka. Mashine nyingi za bei ya chini zinafanya vizuri kwa jagi na karatasi, zikifika kwenye espresso zinasalimu amri. Muuzaji anayesema yake inafanya kila kitu aulizwe mara mbili.

Swali la pili ni meno yenyewe. Kuna ya koni, jino moja linazunguka ndani ya lingine, na kuna ya bapa, mawili yanayotazamana kama sahani. Yote yanasaga vizuri yakitengenezwa vizuri, kwa hiyo usikubali kulipishwa zaidi kwa neno tu. Angalia pia kama ni ya chuma au ya kauri. Kauri haipati kutu na inakaa na makali muda mrefu, ila ikikutana na kajiwe inaweza kumeguka. Na kwa kahawa ya kununua kwa kupimiwa, kajiwe siyo kitu cha ajabu. Mwaga punje kwenye sinia kwanza, chambua kama mchele.

Swali la tatu ni umeme, na hili limewaliza wengi wenye ndugu nje. Mashine iliyotengenezwa kwa soko la Marekani inataka volti 120, ukutani kwa Bongo kuna 230. Ukichomeka bila transfoma inayofaa, zawadi ya shangazi inatoa moshi siku ya kwanza. Kubadilisha plagi peke yake hakusaidii, plagi haipunguzi umeme. Pindua mashine, soma maandishi ya chini kabla hujachomeka chochote.

Kuhusu LUKU wala usitishike. Mashine ya wati 150 ikisaga kwa sekunde 30 inatumia kiasi kidogo mno, uniti moja inatosha kusaga mara 800. Kinachouma ni umeme kukatika saa kumi na moja alfajiri wakati wateja wako wanasubiri.

Swali la nne ndilo wauzaji wa DM hawalipendi: meno yakichoka, mengine yanapatikana wapi? Chukua mfano wa Baratza Encore, mashine inayotajwa sana na watu wanaoanza safari hii. Ina meno ya koni ya milimita 40 na hatua 40 za kurekebisha, na Marekani imekuwa ikiuzwa kwa karibu dola 150, yaani zaidi ya laki tatu na nusu kabla ya usafiri na ushuru. Siyo bei ya mchezo. Lakini vipuri vyake vinauzwa kimoja kimoja, mtu anaifungua na kuitengeneza mwenyewe. Muuzaji asiyejua hata kama mashine yake inafunguka anakuuzia pambo la jikoni.

Usafi nao uuliziwe. Kahawa ina mafuta, na unga unaobaki ndani leo kesho unachacha na kuharibu kikombe kipya. Unahitaji meno yanayotoka kwa urahisi na kaburashi kakavu. Maji kwenye meno ya chuma ni kutafuta kutu. Unga ukirukaruka na kung'ang'ania kila mahali, tone moja tu la maji kwenye punje kabla ya kusaga linautuliza.

Wapo wanaoona huu wote ni ushamba wa kuiga wazungu. Hawa wajiulize kahawa inatoka wapi. Kilimanjaro, Arusha, Mbeya, Songwe na Mbinga wanalima arabika, Kagera wanalima robusta kwa wingi. Mkulima anachuma tunda jekundu kwa mkono, anaanika, anageuza, analinda na mvua. Sehemu kubwa inapanda meli, na vijana wa mjini wanabaki wanakoroga ya kopo. Kijana wa Sinza anayetaka kupika kahawa ya Mbinga na kuwauzia watu wa Posta anafanya kitu ambacho mastaa wanakiimba kila siku kwenye mahojiano: kutumia vya nyumbani. Halafu staa huyo huyo ndiye anampiga bloku.

Na kusaga nyumbani kuna sababu. Kahawa ikishasagwa harufu yake inaanza kukimbia pale pale, wakati punje nzima zilizokaangwa na kufungwa vizuri zinadumu wiki kadhaa. Ndiyo maana mashine inanunuliwa. Nje ya hapo ni urembo wa meza tu.

Sasa linganisha na mchekeshaji mmoja wa mtandaoni. Naye alitangaza mashine kama hiyo, naye akaulizwa. Alichofanya: akaenda laivu, akafungua mfuniko mbele ya kamera, akasema wazi, "Jamani hiki ni kisu, mimi mwenyewe nilikuwa sijui." Anayetaka hela yake akarudishiwa, anayetaka kubaki nayo akaambiwa inasaga hiliki na pilipili manga vizuri tu. Watu walicheka, wakamtania wiki nzima, kisha wakaendelea kununua kwake. Kukosea hakukumshusha, kwa sababu hakujificha.

Dada mwenye kava la hariri angefanya hivyo hivyo kwa sekunde tatu. Fungua mfuniko, sogeza kamera, onyesha kilichomo. Ni kisu? Sema kisu, uza kwa bei ya kisu, na wanunuzi wa viungo watakuja. Ni meno? Yaonyeshe, taja volti, taja vipuri vinapopatikana. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na siku hizi kibaya kinajitembeza na filta juu.

Mashabiki nao wasijitoe kwenye lawama. Ukitetea mtu aliyemtapeli mwenzako kwa sababu ana wafuasi wengi, kesho ni zamu yako na hakuna atakayekutetea. Kabla ya kutuma hela, omba picha ya ndani ya mashine. Ni ombi la adabu, halimtukani mtu. Akikasirika, jibu umeshalipata.

Kijana wa Sinza hajaacha. Ile mashine ya laki na themanini sasa inasaga hiliki na mdalasini kwa mama yake. Yeye amenunua ya kuzungusha kwa mkono, ndogo, yenye meno ya chuma, haijali LUKU wala kukatika kwa umeme. Anazungusha mpini kila alfajiri mpaka bega linamuuma. Wateja wanne wamerudi. Ya umeme yenye meno anaiwekea akiba tena kidogo kidogo, na safari hii anasema hamtumii mtu hata shilingi kabla hajaona mfuniko umefunguliwa.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Staa akitangaza kitu asichokijua, kosa ni lake au la mnunuzi? Na wewe uliyewahi kufungua mfuniko ukakuta kisu, ulifanyaje? Dondosha komenti hapo chini.